Mtaani anaitwa Fundi, shuleni anaitwa Kilaza

Anti shikamoo,

Naomba usitaje jina langu wala la shule maana huku Kitangiri, Mwanza, tunajuana wote. Na niseme mapema kabisa, anayeandika hapa ni binti wa dada yangu yuko fom fo, mimi namsimulia yeye anaandika, sababu utaiona huko mbele.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, jumla na rejareja. Shida yangu ni huyu wa pili, wa kiume, ana miaka kumi na yuko darasa la nne shule ya serikali. Anti huyu mtoto ana akili ambayo mimi sijui kaitoa wapi. Ana miaka sita tu alifungua redio ya baba yake tukasema ndo kaiua hiyo, jioni inaongea. Sasa hivi majirani wanamletea feni, pasi, chaja, taa za sola, ana kisanduku chake cha mbao ndani kuna bisibisi tatu, tesa, plaizi, waya na betri zilizokufa ambazo yeye anasema hazijafa. Mtaani wote wanamuita Fundi. Na biashara yangu anayo kichwani, yaani mimi nakopesha akina mama wengi wanaochukua mzigo, wa Buzuruga, wa Igoma, wa Kisesa, yeye anakaa pembeni anachezea waya zake hata huwezi kujua kama anasikiliza, halafu jioni ananiambia mama, yule mama wa Igoma leo kalipa elfu kumi na nne, bado sado mbili za wiki ile. Na kweli. Giza likikaribia anajua wavuvi wanaingia lini ziwani na mbalamwezi ikitoka watakaa nchi kavu siku ngapi, wala haangalii kalenda.

Mwaka jana baba yake mkubwa ambaye ana mtumbwi wa dagaa alikuwa analalamika taa zake za betri zinaingia maji zinakufa. Huyu mtoto akaomba moja iliyokufa, akakaa nayo siku tatu, akairudisha inawaka na ameiziba humo ndani sijui kwa kutumia nini, ile taa mpaka leo inaingia ziwani.

Sasa mpe kitabu.

Akishika kitabu jasho linamtoka, namaanisha jasho kweli, juu ya mdomo hapa. Atasoma sa-ma-ki mstari wa kwanza polepole, mstari wa tatu likija lile lile samaki analianza upya kama hajawahi kuliona maisha yake. Nyumba anaandika numba, mbwa anaandika bwa. Wakinakili ubaoni wenzake wanamaliza yeye yuko mstari wa pili, mwalimu anafuta. Mtihani wa mwezi wa sita Kiswahili alipata 14 kati ya 50, Hisabati 19, Kiingereza nisikutajie. Huyu binti anayeniandikia hakuamini, akachukua karatasi ile ile ya Hisabati akamsomea swali moja moja jioni, mtoto amelala chali kwenye mkeka amefumba macho anajibu tu. Alikosa mawili, maswali yote yale. Nililia Anti.

Mwalimu wake anasema akili anayo ila ni mvivu wa makusudi na ana dharau. Anachapwa. Kuna siku alirudi vidole vimevimba hata bisibisi hashiki. Wenzake wanamuita kilaza. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Mdogo wake wa kike yuko darasa la pili, juzi kuna meseji imeingia kwenye simu tuna wageni, kaka mtu akashindwa kuisoma mdogo akamnyang'anya akaisoma yote, wageni wakacheka, hawakuwa na nia mbaya, lakini akatoka nje hakurudi, saa mbili usiku nikamkuta amekaa juu ya mawe kule nyuma ya nyumba peke yake.

Baba yake amechukua kile kisanduku amekiweka juu ya kabati, kasema mpaka asome ukurasa mzima bila kukosea. Wiki ya tano sasa. Anasema tuuze kiwanja chetu cha Kisesa, Januari tumpeleke bweni ingilishi midiamu, kule watamnyoosha. Mwalimu mkuu anasema arudie darasa. Baba yake mkubwa anasema huyo mpeni mimi, shule sio ya kila mtu, kuna rafiki yangu ana gereji Nyakato. Mama mkwe anasema kuna mtu kamtupia jicho kwa sababu ya sifa za mtaani. Kila mtu ana la kusema ila mimi.

Na nikwambie ambalo hata mume wangu halijui. Mimi niliishia darasa la tano kwetu Ukerewe, watu wanajua ni kwa sababu bibi aliugua nikabaki kumuuguza. Bibi aliugua kweli, ila mimi nilishukuru Mungu nipate sababu, maana herufi zilikuwa zinanikimbia vile vile. Mpaka leo nikipewa karatasi nasema nimesahau miwani na miwani sina. Huyu binti ndiye anajua peke yake, na nimemfanya awe anamuandikia mdogo wake homuweki kwa mwandiko mbaya mbaya ili asichapwe. Najua sio sawa.

Je, mimi ndiye niliyemrithisha hili? Na nisimame upande wa nani, maana Januari haiko mbali.

Mama wa Mwaloni

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na nisalimie huyo binti anayekushikia kalamu, moyo wake ni mkubwa.

Nianzie pale kwenye mkeka, maana naona jibu lako karibu lote limelala pale. Mtoto mmoja, maswali yale yale. Kwa karatasi kapata 19, kwa masikio kakosa mawili. Angekuwa hajui Hisabati asingejibu hata akisomewa na malaika. Angekuwa mvivu asingelala pale jioni, baada ya siku nzima ya shule, akajibu karatasi nzima ambayo haina maksi wala zawadi. Maana yake hesabu zimo ndani, mlango wa kuziingizia na kuzitolea ndio umekwama, na mlango wenyewe ni maandishi.

Watoto wa namna hii wapo tangu zamani. Mwaka 1896 daktari mmoja Uingereza, Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari kuhusu kijana wa miaka 14, mwenye akili, mwepesi wa michezo, hesabu anazipenda, ila kusoma kunamshinda kabisa pamoja na kufundishwa miaka na miaka. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana yule ndiye angekuwa wa kwanza shule nzima. Miaka zaidi ya mia imepita na wewe umeliona jambo hilo hilo Kitangiri, kwenye mkeka.

Shida ya namna hii wataalamu wanaiita disleksia. Siwezi kukuambia kwamba mwanao anayo, kwa barua hakuna anayeweza, na atakayekuambia anaweza mkimbie. Ila ulivyoeleza, neno lile lile analianza upya kila likirudi, nyumba kuwa numba, kunakili kwa shida, na mama naye herufi zilimkimbia, ni mambo yanayotosha kumfanya mtu atafute mtaalamu. Sio ugonjwa wa macho, japo macho yaangaliwe, wala sio upungufu wa akili. Ni ubongo kupata tabu kuunganisha sauti tunayoitamka na alama iliyoandikwa. Wewe na mimi (naam, hata wewe mdogo wangu, tutafika huko) tunasikia "nyu" kama sauti moja, lakini kwenye karatasi ile sauti ya mwanzo imejificha kwenye herufi mbili, n na y, na sikio la mtoto huyu likichelewa kuitenganisha, mkono unaandika ile iliyosikika zaidi. Ndio maana anaangukia pale pale, kwenye nyu na mbwa, hata kama hayo mengine anayapata.

Na kuna kitu cha Kiswahili hapa ambacho wengi hawakiangalii. Lugha yetu inaandikwa kama inavyosemwa, a ni a popote utakapoikuta. Kwa hiyo mtoto mwenye shida hii akikazana anaweza kusoma neno kwa usahihi, ila polepole mno, na anayemsikiliza anasema si umeona, anaweza, anajivuta makusudi. Huko kusoma polepole ndiko shida yenyewe inavyoonekana. Jasho juu ya mdomo ni la mtu anayebeba gunia, wewe unafanya kazi Mwaloni, unajua mtu anayejifanya amebeba mzigo hatoki jasho.

Halafu linakuja lile linalomponza zaidi, kwamba ana akili. Akili inaificha shida, kwa miaka mitatu huenda alikuwa anakariri anachosikia darasani na kubahatisha hadithi kwa kuangalia picha, mpaka darasa la nne maandishi yakawa mengi kuliko anachoweza kubahatisha. Na shida nayo inaificha akili, mwalimu anaona 14 na 19 hawezi kuona taa inayowaka ziwani. Mtoto anabaki katikati, haonekani kama mwenye kipaji wala kama anayehitaji msaada. Inaniuma kusema hivi lakini nchi hii tuna shule za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Boys na nyinginezo, na mlango wa kuingilia kule ni ule ule mtihani wa karatasi, mtoto kama wako anaweza kupita mbele ya geti lile hakuna aliyemuona.

Sasa swali lako la kurithisha. Sitakudanganya, mambo haya mara nyingi yanatembea kwenye ukoo, inawezekana kabisa unachokijua wewe tangu Ukerewe ndicho anachokipitia yeye. Lakini umeniandikia kwamba akili ya huyu mtoto hujui kaitoa wapi, na mimi hapo nikacheka kwa mapenzi tu. Mdogo wangu, unaendesha biashara ya jumla Mwaloni, unakopesha watu wa Buzuruga mpaka Kisesa, bila kusoma daftari. Kabla huyu mtoto hajazaliwa madeni alikuwa anayashika nani? Kama umemrithisha moja, umemrithisha na la pili.

Nije kwa baba yake. Nimemsoma kwenye barua yako kama mtu anayeogopa. Mwanaume anayetaka kuuza kiwanja kwa ajili ya mtoto hamchukii mtoto huyo. Ila lile sanduku juu ya kabati nilitafakari sana. Amelifanya kuwa bei, lipa kusoma nikupe bisibisi. Nia naielewa, anataka kijana apate sababu ya kujitahidi. Hofu yangu ni kwamba kujitahidi hakujapungua mahali hapo, kilichopungua ni njia, na wakati njia inatafutwa (inachukua miezi, wakati mwingine miaka) mtoto huyu ana sehemu moja tu duniani ambapo yeye ni hodari, na sehemu hiyo iko juu ya kabati. Anaitwa Fundi na kilaza siku moja. Ukiondoa Fundi anabaki na jina gani? Wapo wazazi watakaokuambia akirudishiwa vitu vyake ataacha kabisa daftari, na sitasema wanajidanganya, hilo wewe na baba yake mnaweza kulipima kwa kumuangalia. Tayari mna wiki tano za kuangalia: tangu sanduku lipande juu, kusoma kumeongezeka? Mwulize mume wako swali hilo kwa upole, wakati ameshiba, sio mbele ya watu.

Bweni la ingilishi midiamu. Kwanza jua kwamba serikali mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali, kwa hiyo mnachoongelea ni darasa la tano, Januari. Faida inaweza kuwepo, darasa lenye watoto wachache ni faida kubwa, na kama mtapata shule yenye mwalimu anayeijua elimu maalumu hiyo ni bahati. Ila kwenye Kiingereza a sio a tena, inasomwa hivi kwenye neno hili na vile kwenye lile, herufi nyingine zimeandikwa na hazitamkwi kabisa. Mtoto ambaye Kiswahili kilichonyooka bado kinampa jasho unampeleka kwenye lugha iliyopinda, akiwa mbali na mama, mbali na mkeka, na hilo neno "watamnyoosha" linanitisha kidogo maana vidole vyake tayari vimeshanyooshwa. Kabla kiwanja hakijauzwa nendeni wote wawili mkaulize swali moja: mtoto anayesoma polepole hapa mnamfanyia nini? Wakisema tuna nidhamu ya hali ya juu, hawajakujibu.

Kurudia darasa. Kuna watoto wanarudia na inawasaidia, hasa aliyekosa masomo kwa kuumwa au kuhamahama. Kwa mwanao swali ni huo mwaka wa pili utakuwa na kitu gani ambacho wa kwanza haukuwa nacho. Kama ni ubao ule ule na kunakili kule kule, mtakuwa mmempa dawa ile ile mara mbili. Na kumbuka mdogo wake yuko nyuma yake madarasa mawili, akirudia linabaki moja, wewe ulimuona juu ya yale mawe. Mwalimu mkuu akiwa na mpango kweli, kwamba mwaka huo atakuwa na mtu wa kumsaidia kusoma, hapo mazungumzo yanabadilika.

Gereji. Shemeji yako kaona kipaji kabla ya shule kukiona, mpe heshima hiyo. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mtoto awe na miaka 14 ndo aanze kazi, na gereji ina betri za asidi, jeki, petroli, na mdomo wa watu wazima. Zaidi ya hapo fundi wa leo anasoma, kuna mchoro wa waya, kuna maelezo ya mashine, kuna risiti ya kumuandikia mteja ili asikuibie. Wao wanaona ufundi hauhitaji shule, mimi naona ufundi wenyewe utakuja kumdai kusoma. VETA, chuo cha ufundi, iko hapo hapo Nyakato, na sekondari tangu 2024 kuna mkondo wa amali ambao kijana anasoma huku anajifunza kazi, hiyo njia ipo wazi kwake baadaye, ila kote huko anaingia mtu aliyemaliza shule ya msingi. Jumamosi na baba yake mkubwa kwenye mtumbwi, au kukaa na fundi redio mstaarabu masaa mawili, hilo ni jambo jingine, mnaweza kulifikiria bila kumtoa shule.

Kuhusu jicho, mama mkwe muombeeni mtoto pamoja, dua haijawahi kumzuia mtu kwenda hospitali.

Hospitali naomba muanzie pale. Masikio na macho kwanza, Sekou Toure au Bugando, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye anaandika numba. Ukitoka pale, nenda ofisi ya elimu ya manispaa, Ilemela kwa ninyi wa Kitangiri, ulizia afisa elimu maalumu, mwambie unataka mtoto apimwe uwezo wake wa kusoma. Wataalamu wa hili ni wachache, huenda ukazungushwa, usikate tamaa mara ya kwanza. Nenda na ushahidi: ile karatasi ya 19, na huyo binti amrekodi kwa simu mtoto akijibu maswali yale kwa mdomo. Simu hiyo itaongea kuliko wewe na mimi. Na muulizeni mwalimu mkuu kuhusu upimaji wa darasa la nne mwishoni mwa mwaka, Baraza la Mitihani lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, taarifa zinapitia shuleni na zinatakiwa mapema, sasa kama shule haijui kwamba mtoto ana shida itamuombea nini?

Hapo ndipo homuweki inapokuja. Najua kwa nini ulifanya, ulikuwa unazuia fimbo, mama gani asingefanya. Ila angalia ilivyokugeuka, mwalimu anaona daftari la nyumbani liko sawa, la darasani haliko sawa, anasema si nilisema, mvivu wa makusudi! Sikuambii uache kesho ghafla akachapwe keshokutwa. Kuna mama wengine wanakubaliana na mwalimu kwamba mtoto atasema jibu na dada ataandika, na chini yake wanaandika wazi kabisa, "ameelezea kwa mdomo, kaandikiwa." Hapo unakuwa ukweli uliotiwa saini.

Mwalimu mwenyewe usiende kwake na hasira, japo hasira unayo haki nayo. Hukunitajia darasa lina watoto wangapi ila najua shule zetu za mjini, mmoja anaweza kupotea mbele ya macho yake na asiwe mtu mbaya. Mpelekee ile rekodi ya simu. Ombeni vitu vidogo: akae mbele, apewe alichoandika mwenzake akakinakili nyumbani, aulizwe kwa mdomo mara moja moja mbele ya wenzake kitu anachokijua, hasa hilo la mwisho, darasa zima limsikie. Na fimbo, hilo lisemeeni na baba yake akiwepo, kwa mwalimu mkuu. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, kwa kosa zito, achape mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa ya maandishi, na vinaandikwa kitabuni. Kushindwa kusoma sio kosa. Kuna uwezekano mwalimu akakasirika na mtoto akaonewa chinichini, ndio maana nasema nendeni wawili na muende mapema, kabla hamjawa na jambo la kulalamikia tena.

Nyumbani, robo saa tu kwa siku, isizidi. Pale mnapoanika dagaa kuna mchanga. Achore n na y kwa kidole, kubwa, huku anatamka nya, nye, nyi, nyo, nyu, mkono mdomo na sikio vifanye kazi pamoja, kesho yake hiyo hiyo tena, asihamie mb mpaka ny iwe yake. Mfundisheni neno kwa kulikata vipande, sio kwa kulikazia macho. Maneno yatoke kwenye dunia yake: nyaya, betri, tanga, dagaa, mbalamwezi. Na mwache amsomee mdogo wake? Hapana, bado. Amsomee mtu asiyecheka.

Mtu huyo huenda ni wewe. Najua nimegusa pabaya. Umeficha jambo hili miaka mingi, na sina haki ya kukuamuru ulitoe, ndoa ni yako na mume unamjua wewe. Linaweza kukugharimu, labda atauliza kwa nini hukusema siku zote hizo. Linaweza pia kumfungua macho, kwamba mke anayemuona hodari kila siku alikuwa hasomi, na mtoto yule yuko kwenye mstari huo huo. Kama baba ni mzito kuanza naye, fikiria kuanza na mtoto. Siku hiyo alipokuwa juu ya mawe alidhani yuko peke yake duniani. Mama akikaa pembeni yake akamwambia hata mimi, halafu kesho yake mkapiga magoti wawili kwenye mchanga mnachora ny, sijui kingetokea nini, lakini asingekuwa peke yake tena.

Umeniuliza usimame upande wa nani. Nimewaangalia wote uliowataja, baba, shemeji, mwalimu mkuu, bibi, kila mmoja amesema neno kuhusu mtoto, na kwenye barua yote hakuna mahali yeye mwenyewe ameulizwa. Ana miaka kumi, hataamua yeye, ila anajua mambo ambayo ninyi hamyajui. Anajua herufi zinafanya nini akiziangalia. Anajua Jumatatu kuna nini. Muulizeni, akiwa na kitu mkononi, watoto wa aina yake wanaongea vizuri mikono ikiwa na kazi, na hapo utaona tena suala la kile kisanduku.

Ukiniandikia tena, naomba mkae wote watatu, wewe, yeye na huyo binti. Binti ashike kalamu, wewe usimsaidie kujibu, na yeye anielezee kwa mdomo wake mwenyewe, taratibu maana mimi sio fundi: ile taa ya baba mkubwa, maji yalikuwa yanapitia wapi, na aliyazuia kwa kitu gani?